Harufu ya Karani

Fundi Rangi hakuwa na pua. Ya kuegemezea miwani alikuwa nayo, tena kubwa ya kuwatosha watu wawili, ila ya kunusia ilikufa zamani, kazini, katikati ya rangi za mafuta na tina ya kuyeyushia rangi alizozivuta tangu ujana akipaka nyumba za watu. Mafundi wenzake walimtania kwamba yeye peke yake ndiye angeweza kula chakula cha mchana kando ya shimo la choo na kuomba aongezewe. Alicheka nao. Hakuona amepungukiwa na nini, kwa sababu alikuwa na mke, na mke alikuwa na pua ya kutosha nyumba nzima. Ni mke aliyejua maziwa yamechacha, ni mke aliyesema shati hili livuliwe na lile livaliwe tena kesho.

Kisha mke akafariki, na nyumba ikabaki na mgane asiyenusa, mbwa mzee na paka mmoja.

Mbwa aliitwa Karani. Jina hilo alipewa na marehemu, kwa sababu hakuna aliyeingia getini bila kukaguliwa kwanza viatu, mifuko na viganja, na asiyemridhisha alisubirishwa. Paka hakuwa na jina. Aliitwa Paka, na hakuwahi kuitika wala kulalamika.

Majirani walidhani yule mzee atazama kwenye uchafu. Walikuwa hawamjui. Fundi wa kweli wa rangi husugua kuta kuliko anavyozipaka, na yeye hakujua namna nyingine ya kuomboleza isipokuwa kusugua. Asubuhi alifagia uwanja kuanzia mlangoni kwenda getini. Kinyesi cha Karani alikizoa kwa koleo akakifukia nyuma ya nyumba, majivu juu yake, udongo juu ya majivu. Alifyeka nyasi za ukutani ili kupe wasipate pa kujificha. Mkeka wa mbwa aliuanika juani na kuukung'uta kwa fimbo hadi vumbi likome, na sanduku la paka alilijaza mchanga mkavu akaubadilisha kila ulipolowa. Sebuleni alipiga deki kwa maji ya moto na sabuni, akarudia kwa maji ya siki, akamalizia kwa maji matupu. Aliambiwa mkaa hunywa harufu, basi akaweka vipande vya mkaa kila pembe ya chumba. Suruali yake haikukauka kwa kushinda na ndoo. Ukiitazama nyumba ile ungedhani inasubiri kupigwa picha.

Lakini macho hayanusi.

Binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, aliishi upande mwingine wa mji na alimleta mjukuu kila Jumamosi. Hapo mwanzo walishinda sebuleni, wakala humo, na mtoto akabaki kulala kwa babu hadi Jumapili. Baadaye mtoto akawa halali. Baadaye tena wakawa wanakula barazani, na baada ya chakula binti anakumbuka daftari za wanafunzi za kusahihisha. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Walisahau kuongeza kwamba anayekukimbia naye hakuagi.

Siku moja mzee akauliza.

"Mwanangu, mbona mnakaa nje kama watu waliokuja kudai?"

Binti alitazama vidole vyake. "Hewa ya nje ni nzuri, baba."

"Ya ndani ina nini?"

Uwanjani mtoto alikuwa amemvika Karani kofia ya babu, na mbwa ameketi kwa heshima zote, kama aliyeteuliwa. "Kuna harufu kidogo," binti alisema hatimaye. "Kama ya mkojo."

"Mkojo?"

"Wa paka, nadhani. Paka wana tabia hiyo."

Aibu ilimshika mzee hadi masikioni. Alikuwa amemkaribisha mwanawe kwenye mkojo, wiki baada ya wiki, na kuona fahari. Binti akaharakisha kumfariji. Likizo ndefu ilikuwa inakaribia, alisema, na mtoto kutwa anauliza kama ataipitisha kwa babu. "Harufu ikitoka tu, baba, nakuachia likizo nzima."

Likizo nzima! Tangu azike, mzee hakuwa amepata jambo la kungojea. Usingizi wake, chakula chake, hata namna ya kuamka kitandani, vyote vilikuwa vya mtu anayemalizia siku. Sasa alikuwa na kitu cha kushindania, na adui alikuwa amekwisha tajwa.

Paka alipelekwa kwa mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye panya walikuwa wamemfanya mpangaji katika jengo lake mwenyewe. Paka hakugeuka hata kumtazama aliyemleta. Mzee alirudi akavua mapazia akayafua, akaloweka vitambaa vya viti, akasugua sakafu kwa brashi ya chuma hadi magoti yakachubuka. Kisha akaenda kumwita jirani yake, mama mmoja muuza mkaa ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa.

"Njoo uninusie nyumba, mama. Nataka ukweli."

Mama Mkaa alivua ndala mlangoni, akaingia, akavuta pumzi. Fundi alisimama karibu naye akimtazama usoni kama mtahiniwa. Yule mama akageuza uso upande wa dirisha.

"Imepungua, Fundi. Imepungua sana."

"Imepungua au imekwisha?"

"Imepungua," alisema Mama Mkaa, na tayari alikuwa anatafuta ndala zake kwa mguu. Akiwa ameshafika uwanjani akamwona Karani amejilaza, na mtu angeweza kuona jinsi alivyofarijika kumwona. "Labda na huyu mzee naye. Mbwa akishafika umri huu, Fundi, hajizuii."

Mzee alikataa. Karani hakuwahi kukojoa ndani tangu utoto wake. Jumamosi ilipofika alimweleza binti yake maneno ya Mama Mkaa, akitarajia wacheke pamoja. Binti hakucheka.

"Amezeeka, baba," alisema taratibu. "Kiumbe akizeeka kuna mambo hayashiki tena. Wala si kosa lake. Hata hajui kama linamtokea. Anayempenda hawezi kumchukia kwa hilo." Alimtazama baba yake kwa macho ya mtu anayeomba kitu. Mzee hakujua anaombwa nini.

"Kwa hiyo ni Karani?" aliuliza.

Mtoto alikuwa ameegemea mlango akisikiliza. Binti akafumba macho kidogo. "Ndiyo, baba," alisema. "Ni Karani."

Basi Karani akahamishiwa nje. Alifungwa kamba chini ya paa la stoo, juu ya mkeka wake, akaogeshwa kwa sabuni ya dawa hadi manyoya yakasimama. Hakuelewa. Tangu mazishi alikuwa akilala chumbani, miguuni pa kitanda, na mzee alipoamka kwa uchungu katikati ya usingizi alishusha mkono na kukuta kichwa cha mbwa kinausubiri. Sasa mkono ulishuka ukakuta sakafu. Mzee alijiambia ni kwa muda tu. Alideki, akapiga siki, akafungua madirisha, na Jumamosi iliyofuata mtoto alifika mlangoni akaziba pua kwa viganja vyote viwili kabla mama yake hajamshusha mikono.

"Harufu ya mbwa ni sugu, baba," binti alisema upesi. "Maadamu yupo hapa nyumbani..."

Likizo ilikuwa mlangoni.

Fundi alizunguka kumtafutia Karani mahali. Mlinzi wa ghala la mbao alimfunua mbwa midomo, akahesabu meno yaliyobaki, akasema mwizi angekuja akamwonea huruma. Mwenye mashine alisema paka mmoja anamtosha. Mwingine alisema angemchukua kama angekuwa mdogo, mwingine kama angekuwa mkali. Mbwa mzee hana mteja, kama alivyo mzee yeyote. Hatimaye akampeleka kwa daktari wa mifugo, na njiani Karani alifurahi, kwa sababu alikuwa hajatembezwa mbali kiasi hicho tangu mke wa Fundi alipokuwa hai.

Daktari alimlaza mezani, akambonyeza tumbo, akamkagua chini ya mkia, akamsikiliza moyo.

"Mzee, sioni tatizo la mkojo hapa," alisema. "Umemwona akijikojolea?"

"Sijamwona."

"Umekuta dimbwi? Mkeka umelowa?"

"Mkeka wake mkavu."

"Sasa nani kasema?"

Fundi angeweza kugeuka pale pale, na baadaye alikuja kujiuliza kwa nini hakugeuka. Lakini alimfikiria binti yake, mwalimu, mtoto aliyemlea asiseme uongo, na alimfikiria Mama Mkaa, ambaye hakuwahi kumpunjia mtu hata kopo moja la mkaa. "Wamesema watu wasio waongo," alijibu.

Daktari alitikisa mabega. Wenye mbwa ndio huamua. Alipoandaa sindano, Karani alinusa mkono wake, kisha akanusa viatu vyake, akamkagua vizuri, akaridhika. Mzee alikishika kichwa chake kwa mikono miwili hadi kikawa kizito. Alilia bila kujificha. Alikuwa ameshika vitu vingi vizito katika kazi yake, ngazi na madebe na magunia ya saruji, na hakikuwapo kilichowahi kumshinda kama kichwa kile.

Alimzika nyuma ya nyumba. Kisha akafanya kile fundi anachofanya akikabidhiwa nyumba ya msiba: alikwangua kila ukuta, akaziba nyufa, akapaka chokaa mpya ndani na nje, hata kile kibaraza cha saruji walichokuwa wakikalia wageni. Alifanya kazi siku nyingi bila kuongea na mtu. Jumamosi alisimama mlangoni na shati lililopigwa pasi. Mtoto alishuka kwenye pikipiki akakimbilia stooni.

"Karani yuko wapi, babu?"

"Amehama," alijibu mzee, kwa maana binti, aliyekuwa ameshaambiwa ya sindano kwa simu, alikuwa amemkonyeza.

Binti aliingia ndani. Alizunguka sebule iliyokuwa nyeupe kama yai, akagusa ukuta, akasifia. Mzee alisubiri. Akamwona akitoa kitambaa mkobani na kujifanya anapangusa jasho juu ya mdomo. Kisha akatoka akaketi nje.

"Harufu ya mbwa huchelewa kutoka, baba," alisema, bila kumtazama. "Tuipe muda."

Likizo ilianza na mtoto hakuletwa.

Siku chache baadaye Fundi alikuwa amekaa kwenye kibaraza akila embe kwa kisu. Kulikuwa na jua kali, uwanja umefagiwa, hakuna jani. Alipoinuka kwenda kutupa kokwa, aliona kitu kwenye chokaa. Pale alipokuwa ameketi, weupe ulikuwa umegeuka kijivu. Hilo alilijua vizuri kuliko jina lake: chokaa kavu ni nyeupe, chokaa iliyopata maji ni kijivu. Na jambo la kwanza alilofanya, mwili wake ukitangulia akili, aligeuka kumtafuta Karani amkaripie.

Uwanja ulikuwa mtupu.

Aliangalia juu kama paa linavuja. Mvua haikuwa imenyesha mwezi ule. Ndoo ilikuwa jikoni, kavu. Akapeleka mkono nyuma ya suruali yake, na siku hiyo hapakuwa na deki ya kuisingizia wala jasho la kazi. Akasimama hivyo, mkono umelowa, embe likimchuruzika katika mkono mwingine. Nyani haoni kundule, husema watu na kucheka. Yeye hata kulinusa hakulinusa. Aliingia chumbani akainua godoro, akageuza mto wa kiti chake, kile alichokuwa hamruhusu mtu mwingine kukikalia. Sifongo ilikuwa ya manjano hadi katikati. Alikuwa amefua vitambaa vya juu kila wiki na kuvirudisha juu ya uozo, yeye ambaye alifukuza vibarua kwa kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu.

Jumamosi hakuvaa shati la pasi. Aliwasubiri getini, amesimama. Mtoto akapita mbio kwenda nyuma ya nyumba, maana alikuwa bado anaamini kuhama ni jambo la kurudi.

"Ni mimi," mzee alimwambia binti yake.

Binti hakuuliza ni yeye nini. Aliinamisha uso, na kwa kuinama kule mzee alipata jibu lote.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla mama hajafariki. Mama alikuwa anaamka mapema anabadilisha mashuka. Alikuwa anakuwekea suruali nyingine kitini, anakuambia ile ina doa. Alinikataza nisikuambie. Alisema utakufa kwa aibu."

Kumbe hata ile pua ya nyumba nzima ilikuwa ikimficha. "Na Mama Mkaa?"

"Anajua, baba. Wanajua."

"Mkasema paka. Paka akaondoka. Mkasema mbwa." Hakupandisha sauti. "Ulinitazama ukasema ni Karani."

"Wewe ni baba yangu!" Binti alikuwa analia sasa, anajifuta kwa kiganja kama mtoto. "Ningeanzia wapi? Nimwambie baba yangu anajikojolea? Nilijaribu kuzunguka, ukawa huelewi. Nilidhani utampa mtu. Nilidhani akishaondoka na harufu ikabaki utajua mwenyewe, bila mimi kusema. Sikujua utamwua."

"Ungeanzia hapo hapo. Ungesema, baba, ni wewe. Ningeona aibu siku mbili, tatu. Aibu haiui. Yeye angekuwa amelala pale."

"Nisamehe, baba."

Alitaka kumsamehe, na pengine alikuwa ameshamsamehe, kwa kuwa alikuwa hana mwingine. Ila moyoni hapakuwa na kitu cha kutolea. Walimstahi mpaka wakamfanya muuaji wa rafiki yake, na kila mmoja wao alifanya hivyo kwa kumpenda.

Mtoto alirudi kutoka nyuma ya nyumba, viatu vimejaa udongo. Aliwatazama wote wawili.

"Babu, Karani kahamia wapi? Nataka kwenda kumwona."

Binti akaanza, "Mwanangu, Karani yuko kwa..."

"Hapana," alisema mzee. Alichuchumaa hadi uso wake ukalingana na wa mtoto. Alikuwa ameapa moyoni kwamba katika nyumba ile hakuna mtu atakayedanganywa tena kwa kustahiwa. "Karani amekufa. Nilimpeleka kwa daktari akachomwa sindano."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hakuwa anaumwa."

"Alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Mimi ndiye niliyekosea."

Mtoto alimtazama usoni. Hakulia. Alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi alipogusa gauni la mama yake, akajificha nyuma yake, na mzee aliponyoosha mkono, mtoto aliuvuta mguu wake nyuma ya gauni ili usiguswe. Hawakukaa siku hiyo. Binti alimbeba hadi barabarani, na mtoto aliulaza uso wake begani kwa mama, upande usioelekea kwa babu.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja peke yake. Alileta godoro jipya lenye kifuniko cha plastiki, na nepi za watu wazima ndani ya mfuko mweusi uliokunjwa mara mbili, na alikuwa amemwekea baba yake miadi hospitalini. Alifanya kazi vizuri, bila kuziba pua. Alitoa kile kiti akakichoma nyuma ya nyumba, mbali na kaburi, akapiga deki, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki aliketi sebuleni na kula chakula humo hadi akamaliza. Nyumba ilikuwa safi sasa. Mtu yeyote mwenye pua angesema hivyo.

Fundi alikula kidogo, akasogeza sahani.

"Mtoto hajambo?"

Binti alikusanya makombo mezani kwa ubavu wa kiganja, taratibu, hadi yakawa lundo moja.

"Hajambo, baba. Ana mafua kidogo tu. Ndiyo maana sikuja naye."

Mzee alimtazama mwanawe, mwalimu, aliyemlea asiseme uongo.

"Mpe pole," alisema.